Shoka lililomeguka pembe moja na kulala pembe ya pili

Shoka lenyewe ni dogo, la mkono mmoja. Makali yake yana upana wa sentimita 11 hivi. Halina tundu la kupitishia mpini. Lina mkia mrefu uliochongoka, unaopenya kwenye kifundo kinene cha mpini na kutokeza upande wa pili. Mwenyewe ni mchunaji katika kambi moja ya uwindaji kusini mwa Tanzania. Kazi anazolifanyia zinajulikana na yeyote aliyewahi kukaa kitaluni: kupasua kidari cha nyati, kutenganisha kichwa na shingo, kukata miti inayoziba njia ya gari, kuchanja kuni, na mara nyingine kugongea vigingi vya hema, ingawa hiyo ya mwisho haisemwi mbele ya fundi.

Lilifuliwa na mhunzi wa mjini, mzee mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, kutokana na bamba la springi ya lori. Msimu ulipofunguliwa Julai lilikuwa jipya linang'aa. Mwezi haukuisha likawa limerudishwa. Pembe ya juu ya makali, ile ya mbali na mkono, ilikuwa imemeguka kipande cha nusu duara, upana wa kidole gumba. Pembe ya chini haikumeguka, ila ilikuwa imelala: makali yamejikunja upande mmoja kiasi kwamba ukipitisha ukucha unanasa.

Shoka likimeguka tunasema ni gumu mno. Likilala tunasema ni laini. Hili lilifanya yote mawili, bamba moja, siku moja, kwenye gogo moja la mpingo mkavu. Ndiyo maana nilipoitwa kuliangalia sikusita, maana kisa cha namna hii kinafundisha zaidi kuliko shoka lililoharibika kwa njia moja tu.

Kila mtu alikuwa na jibu lake tayari. Mchunaji aliingia na malalamiko:

"Shikamoo mzee. Shoka lako limenitia aibu mbele ya wageni."

"Marahaba. Wewe ulipiga jiwe."

"Mpingo, mzee wangu. Wallahi mpingo mtupu."

"Basi springi ile ilikuwa mbovu. Siku hizi vyuma vya kichina hivi, mwanangu, huwezi kuvijua."

Kijana anayechomelea mageti kibanda cha pili akadakia kwamba kosa ni maji, kwamba springi haizimwi kwa maji, yaani haizamishwi majini ikiwa na moto ili ikaze, kila mtu anajua, ameona kwenye simu. Kwa hiyo mezani palikuwa na watuhumiwa watatu: mtumiaji, chuma na maji. Mimi nikaongeza wa nne kimoyomoyo, nao ulikuwa ule mkia. Mashoka ya aina hii mpini wake hutobolewa kwa moto: mkia unachomwa mpaka uwe mwekundu, unasukumwa kwenye kifundo cha mti, mti unaungua na kujifinyanga kwa umbo la chuma. Mzee alikuwa amefanya hivyo baada ya kulikaza shoka, si kabla. Joto la mkia likipanda mpaka kwenye makali linaweza kuua ugumu wote uliotafutwa kwa jasho.

Tuanze na jiwe. Makali ya chuma kigumu yakigonga jiwe huacha alama: sehemu iliyopigwa husagika, hutoka bapa, na mara nyingi hubaki mikwaruzo mifupi inayoelekea mgongoni. Kando ya sehemu iliyomeguka makali yalikuwa bado mazima, yamenolewa vizuri, hayana hata mkwaruzo. Mchunaji hakusema uongo. Mpingo mkavu nao si mti wa mchezo, ni mzito kuliko maji na ukiutupa mtoni unazama. Lakini shoka linaloshindwa na mti halina haki ya kuitwa shoka.

Kisha sehemu yenyewe iliyomeguka. Hapa naomba msomaji asogee karibu, kwa sababu sura ya chuma kilichovunjika ina habari nyingi kuliko maelezo ya watu watatu. Ilitakiwa isioshwe wala kusuguliwa, na bahati nzuri hakuna aliyeigusa kwa tupa. Nilichofanya ni kuipangusa kwa mafuta ya taa na mswaki laini, nikaisogeza juani.

Niliona maeneo mawili. La kwanza na kubwa lilikuwa linametameta, chembe zake kubwa zinaonekana kwa macho kama sukari iliyomwagwa. Springi iliyokazwa vizuri haivunjiki hivyo. Uso wake huwa wa kijivu, laini, chembe zake huzioni bila kioo cha kukuza. Chembe kubwa zina maana moja: chuma kilikaa kwenye joto kali kupita lililohitajika, chembe zikapata nafasi ya kukua. Zikishakua, ufa hupita katikati yake bila kizuizi.

Eneo la pili lilikuwa dogo, ukanda mwembamba kuanzia kwenye makali na kuingia ndani milimita chache. Huo haukumetameta. Ulikuwa na rangi ya manjano iliyoelekea kahawia. Mzee alisema ni kutu, na ni kweli kutu ya mwanzo inafanana nayo. Lakini kutu ukiisugua na mafuta ya taa inaacha uchafu kwenye kitambaa. Hii haikuacha chochote. Ilikuwa ni ile rangi inayojitokeza juu ya chuma cheupe kikipashwa moto kiasi cha nyuzi 230 hadi 250 za Selsiasi, rangi ileile ambayo mzee mwenyewe aliitumia kujua muda wa kuliondoa shoka motoni baada ya kulizima.

Rangi ile ingeingiaje ndani ya ufa kama ufa haukuwapo? Haingeweza. Maana yake ni kwamba wakati mzee anapasha shoka mara ya pili ili kulipunguzia ukakasi, ufa ulikuwa umeshafunguka na hewa inaingia. Na kama ufa ungekuwa wa zamani, wa tangu springi iko chini ya lori au tangu shoka linafuliwa, basi ungepitia moto mkubwa wa kufulia na kuzimia, na ndani yake kungejaa magamba meusi. Hakukuwa na magamba. Kwa hiyo ufa ulizaliwa kati ya matukio mawili tu: baada ya moto mkubwa, kabla ya moto mdogo. Yaani ndani ya ndoo ya maji.

Kijana wa mageti alifurahi sana kusikia hivyo. Nikamwambia asubiri.

Maana bado palikuwa na pembe ya chini. Pembe ile iliingia kwenye ndoo hiyohiyo, maji hayohayo, sekunde hiyohiyo. Kama maji ndiyo mkosaji peke yake, ingetakiwa nayo iwe ngumu na yenye ufa, au angalau ngumu. Nilichukua tupa mpya, tupa chakavu haifai kwa jambo hili, nikaipitisha juu ya makali taratibu kutoka juu kwenda chini. Kwenye pembe ya juu tupa iliteleza na kulia, haikung'ata hata kidogo. Katikati iliteleza, ila kwa kusitasita. Ilipofika kama sentimita 3 kabla ya mwisho wa pembe ya chini ikaanza kung'ata, na mwishoni kabisa ilikuwa inatoa unga wa chuma kana kwamba napiga tupa nondo ya kujengea.

Kipimo hicho kikamwondoa mtuhumiwa wangu mwenyewe. Mkia wa shoka hili umetoka katikati ya mgongo. Kama joto la kutobolea mpini ndilo lililolainisha makali, ulaini ungeanza katikati, sehemu iliyo karibu zaidi na mkia, na kupungua kuelekea pembeni. Hapa katikati palikuwa pagumu na ulaini uko pembeni. Mkia hauna kesi.

Chuma nacho kikapimwa. Mzee ana tabia nzuri ya kutotupa vipande, na kipande kilichobaki cha bamba lile kilikuwa chini ya meza yake. Tulikiloweka kwenye mafuta ya taa, tukakipangusa kikakauka, tukakipaka unga wa chaki. Ufa wowote uliomeza mafuta huyatema polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Njia hii ni ya zamani, mafundi wa reli waliitumia kukagua ekseli. Chaki ilibaki nyeupe. Ingekuwa afadhali kufanya hivi kabla ya kufua, kwa sababu springi iliyotembea barabara mbovu miaka mingi inaweza kuwa na nyufa, hasa kuzunguka tundu la boliti ya katikati, na mtu mwenye akili hakati shoka karibu na tundu lile.

Tukakata vidole vitatu vya chuma kutoka kipande hicho. Cha kwanza tulikipeleka mpaka rangi ya chungwa iliyoelekea njano, tukakiacha hapo muda, tukakizima kwa maji. Cha pili tulikiondoa kikiwa na wekundu wa kiza, ule unaouona kivulini tu, nacho tukakizima kwa maji yaleyale. Cha tatu tulikipasha mpaka sumaku ikaacha kukishika, tukakiongezea moto kidogo, tukakizima kwenye mafuta ya kupikia. Vyote vitatu vikabanwa kwenye jiriwa kimoja kimoja na kupigwa nyundo.

Cha kwanza kilikatika kwa pigo dogo, uso wake chembe kubwa, ndugu kabisa wa pembe ya juu ya shoka. Cha pili hakikukatika. Kilipinda, nikaendelea kukipiga kikapinda zaidi, ndugu wa pembe ya chini. Cha tatu kilikataa mapigo kadhaa, kisha kikakatika ghafla, uso wake kijivu laini. Chuma kilekile, jiriwa ileile. Mzee alivichukua vile vipande viwili vya mwanzo akaviweka kando ya shoka, akavitazama kwa muda bila kusema, halafu akageuka kutazama tanuri lake.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Tanuri la mzee ni kizimba cha matofali chenye makaa ya miti, na feni inayoendeshwa kwa gurudumu la baiskeli inapuliza kupitia bomba moja upande wa kushoto. Mbele ya mdomo wa bomba hilo, eneo lenye ukubwa wa ngumi, moto ni mkali mno. Sentimita 10 kutoka hapo ni moto wa kuchomea mahindi. Kwa kufulia haina shida, kwa sababu unapopiga nyundo unageuza chuma kila mara na sehemu unayoipiga ndiyo unayoirudisha mbele ya bomba. Kwa kuzima ni balaa. Shoka liliingizwa pembe ya juu mbele, likakaa hapo likisubiri pembe ya chini ishike rangi. Pembe ya juu ikapita kiwango na kuendelea kupita. Pembe ya chini haikufika kamwe. Mzee alipoona wekundu kote, akazamisha.

Na wekundu kote si joto moja kote. Chuma cha aina hii huanza kubadilika ndani yake kwenye nyuzi 730 na kitu, na kwa springi unataka kuzimia kwenye 830 hadi 850. Chini ya mabadiliko hayo unaweza kukizamisha hata kwenye barafu, hakikazi. Juu ya 1,000 kinakaza, lakini kwa gharama ya chembe. Macho ya binadamu saa 6 mchana chini ya paa la bati lenye matundu hayawezi kutenganisha 700 na 800 kwa uhakika, hata macho ya mzee aliyefua tangu ujana. Kulikuwa na jambo jingine lililoongeza uzito: shoka lilinolewa mpaka likawa jembamba kabla ya kuzimwa. Makali membamba hushika joto upesi na kulipoteza upesi, kwa hiyo pembe ya juu ilikimbia zaidi.

Sasa maji. Siyasafishi kabisa. Mabamba ya springi za malori yanayotembea huku kwetu, mengi ya Kijapani, ni chuma chenye kaboni asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na manganizi na kromiamu chini kidogo ya asilimia 1 kila moja. Kwa viwango vya Japani huitwa SUP9, na Wamarekani wana 5160 inayokaribiana nayo. Manganizi na kromiamu zinakifanya chuma kikaze hata kikipoa polepole, kwa hiyo mafuta yanatosha. Ukikipeleka kwenye maji unakipa mshtuko kisiouhitaji: ngozi ya nje inakaza na kujitanua wakati ndani bado, na kinachoshindwa kuvumilia hupasuka. Chembe kubwa zilikuwa zimeshaudhoofisha ukuta, maji yakausukuma. Lakini moto ndio uliotangulia, na ningempa moto lawama kubwa zaidi. Kwa moto ule, hata mafuta yangetoa shoka lenye pembe dhaifu na pembe laini, pengine bila ufa. Kijana wa mageti alikuwa na nusu ya jibu, na nusu ya jibu ndiyo inayopotosha zaidi kwenye kazi ya moto.

Mzee alijitetea, na utetezi wake una uzito. Baba yake alizima kwa maji, babu yake pia, na mashoka yao yaliwazika. Ni kweli. Ila chuma chao kilikuwa kingine. Chuma cha matanuru ya udongo, kama yale marefu ya Ufipa, kilikuwa na kaboni isiyo sawa mahali na mahali, na hakikuwa na kromiamu. Chuma cha namna hiyo hukaza juu juu tu na kinadai kupozwa haraka. Maji ndiyo dawa yake. Wala wazee hawakuwa wakibahatisha. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao wa Buhaya ulioonyesha kwamba magharibi mwa Ziwa Viktoria watu walikuwa wakizalisha chuma cha kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, kwenye matanuru yaliyopasha hewa kabla haijafika kwenye makaa. Desturi ya maji ilikuwa sahihi kwa chuma chake. Lori lilipoleta chuma kipya, desturi haikupewa taarifa.

Tukakubaliana kulifufua shoka badala ya kuanza jipya. Bamba lilikuwa bado na nyama ya kutosha. Kwanza mpini uliondolewa, kisha mafuta ya taa na chaki tena ili kuona ufa ulikoishia. Ncha moja ya ufa ilikuwa imeingia ndani kuliko tulivyodhani. Tulikata kwa msumeno wa chuma kupita mwisho wa ufa na kuongeza nusu sentimita ya usalama. Hakuna ufa unaozibwa kwa nyundo. Ukiupiga ukiwa na moto unajifunika juu na kubaki chini.

Kufua upya ilikuwa kazi ya mzee, nami nilikaa pembeni kama mwanafunzi. Mkono wake hauna hitilafu. Alitandaza makali kwa mapigo yanayotoka katikati kwenda pembeni, akasimama kila wekundu ulipoanza kufifia, kwa sababu springi ikipigwa ikiwa imepoa hupata nyufa za ndani. Jambo moja tu lilibadilika: makali yaliachwa na unene wa milimita 2. Ukali wa kunyolea ungekuja mwisho.

Baada ya hapo chuma kilipumzishwa. Shoka lilipashwa mpaka sumaku ikaliacha, likatolewa na kuning'inizwa kwenye waya lipoe kwa hewa, mbali na upepo, bila maji wala mchanga. Likarudiwa, kila mara kwa joto la chini kidogo kuliko lililotangulia. Hii ndiyo hatua inayorukwa na mafundi wengi kwa sababu haionyeshi kitu. Shoka linaingia jeusi na kutoka jeusi. Lakini ndiyo inayovunja zile chembe kubwa na kuzipanga upya ziwe ndogo, na ndiyo inayoondoa mivutano iliyoachwa na nyundo. Kwa shoka lililowahi kuunguzwa, kuiruka ni kupoteza makaa.

Mpini mpya ukatobolewa sasa, kabla ya kukaza, kwa mkia wenyewe. Mti ulichaguliwa sehemu ya karibu na mizizi, penye kifundo ambamo nyuzi zimesokotana, ili usipasuke. Uzuri wa shoka la mkia ni kwamba mkia unapungua unene kuelekea nyuma, hivyo kila pigo linaukaza ndani ya mti, tofauti na shoka la tundu ambalo kila pigo linatafuta kumtoroka mwenye nalo mpaka litiwe kabari. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanatumia mashoka ya jinsi hii kurinia asali kwenye mibuyu, na vyuma vyao vingi hufuliwa na Wadatoga, majirani zao.

Tulingoja jioni. Jua likiwa limeshuka na kibanda kimekuwa kiza, rangi ya chuma inasema kweli. Ndani ya makaa tulilaza kipande cha bomba pana la chuma, shoka likaingia ndani ya bomba. Makaa yanachoma bomba, bomba linachoma shoka, na ule mdomo wa upepo haugusi chochote moja kwa moja. Feni ilizungushwa polepole mno, mpaka kijana wa mageti aliyekuwa anaizungusha akaanza kulalamika kwamba moto utazimika. Mzee alikuwa akilisogeza shoka mbele na nyuma, mgongo kwanza, makali mwisho. Sumaku ilitoka kwenye spika mbovu ya redio, tukaifunga kwenye kijiti kirefu cha chuma. Inaacha kushika chuma karibu na nyuzi 770. Tuliigusisha sehemu tofauti za makali, na mara ya kwanza pembe ya chini bado ilishikwa. Bila sumaku, lingezimwa hapo, na kisa kingejirudia neno kwa neno.

Mafuta yalikuwa ya alizeti, ndoo ya chuma, kamwe si ya plastiki, na mfuniko wake karibu pamoja na mchanga kwa ajili ya moto. Yalipashwa kwa kuzamisha kipande cha chuma cha moto mpaka kidole kikashindwa kukaa ndani. Mafuta baridi ni mazito, hayatembei upesi juu ya chuma. Yakiwa na uvuguvugu wa nyuzi 50 hadi 60 yanapoza vizuri zaidi. Oili chafu ya injini mzee alikuwa nayo debe zima na aliitaka itumike kwa kuwa ni ya bure. Nilikataa. Moshi wake una mabaki ya metali na kemikali ambazo hakuna sababu ya kuzivuta ndani ya kibanda kisicho na dirisha.

Shoka likashuka makali chini, wima, kina cha sentimita 4 hivi, likitembezwa mbele na nyuma kwa kufuata makali, si kuyumbishwa kushoto na kulia kwa sababu hapo hupinda. Mgongo uliachwa juu ya mafuta mpaka wekundu wake ukafa wenyewe, kisha lote likazama. Tulisikiliza. Chuma kinachopasuka hutoa mlio mdogo mkavu, na mtu aliyewahi kuusikia hausahau. Haukuja. Tupa mpya ikateleza kutoka pembe hadi pembe.

Kwa hali hiyo shoka halifai kutumika. Lingemeguka kwa mfupa wa kuku. Likiwa bado na uvuguvugu lilisuguliwa msasa likang'aa, likalazwa mgongo wake juu ya kipande kinene cha chuma kilichotolewa motoni. Joto linapanda kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, na rangi zinatembea nalo: manjano hafifu mbele, kahawia nyuma yake, kisha zambarau, kisha bluu mgongoni. Makali yalipofika kahawia yenye dalili ya zambarau, nyuzi kama 265 hivi, mzee akalitoa. Safari hii hakuhitaji mtu wa kumwambia. Likasuguliwa likawa jeupe tena na kurudiwa. Mgongo ulibaki na bluu, ulaini wa kupokea mtikisiko. Makali yakabaki na ugumu wa kukata.

Kunoa kulifanywa kwa tupa, jiwe na maji. Grinda ilizuiwa, kwa kuwa cheche za dakika moja zinaweza kupeleka makali membamba mpaka bluu, na mtu akipitisha msasa rangi inafutika huku madhara yakibaki.

Majaribio yalifanyika hapohapo: gogo la mpingo, halafu mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani. Makali yalitoka na alama moja ndogo kwenye mfupa, iliyoondoka kwa jiwe. Pembe ya juu nzima, pembe ya chini haikulala. Mchunaji alilichukua kwenda kambini, na msimu ulipoendelea alileta taarifa kwamba tatizo lililobaki ni mpini, ambao ni mfupi kwa mkono wake.

Mzee amelibakiza lile bomba tanurini. Sumaku imetundikwa msumarini pembeni ya koleo. Mapanga bado anayazima kwa maji, na sikumbishia, kwa kuwa anayafua kutoka chuma kingine chenye kaboni kidogo na hayajawahi kumrudia. Mashoka ya springi amepandisha bei, akidai mafuta ya alizeti hayaokotwi na jioni moja nzima inakwenda kwa shoka moja. Wachunaji wenzake yule wa kwanza wameshaagiza, wanalipa, na wananung'unika.